Mtoto wetu na mchezo wa helikopta ya vita

Wamama na dada wapendwa wa Fizi na Baraka,

Sokoni na kwenye mikutano ya likelemba, wazazi wanatuuliza: huu mchezo wa helikopta ya vita ambao vijana wanacheza kwenye kompyuta, tuuache au tuukataze? Sisi walimu tumeona vizuri kujibu hapa, maana kwetu helikopta si kitu cha mchezo tu.

Kwanza tuujue wenyewe. Mashine za kufundishia urubani bila kuruka ni za zamani. Mmarekani Edwin Link alitengeneza yake mwaka 1929, ili mwanafunzi akikosea, akosee akiwa chini, asife. Wazo hilo likaingia baadaye kwenye kompyuta za nyumbani. Mwaka 1986 kampuni ya MicroProse ilitoa mchezo uitwao Gunship, wa kurusha helikopta ya Kimarekani, Apache. Mwaka 2021 ukatoka mchezo wa Mi-24, helikopta ya Kirusi ya aina ileile ambayo jeshi la nchi yetu linatumia.

Faida ipo, tusiifiche. Mkono wa kushoto unapandisha na kushusha helikopta, mkono wa kulia unaiinamisha mbele, nyuma au kando, na miguu inageuza pua. Vyote vinafanyika kwa pamoja. Kijana anajifunza uvumilivu, anasoma kimo na mwendo. Akiuliza kwa nini kuna propela ndogo mkiani, tayari ameingia somo la fizikia. Bila propela hiyo, mwili wa helikopta ungezunguka kinyume na propela kubwa ya juu.

Hasara iko hapa: katika mchezo, mtoto anatazama vita kutoka juu. Anaona nukta na vijumba vidogo. Anabonyeza, nukta inazimika, anapata pointi. Haoni mama anayefunga mtoto mgongoni na kuacha sufuria motoni. Haoni mtumbwi unaovuka ziwa usiku kwenda Kigoma. Sisi vita tunaijua kutoka chini. Familia nyingi za hapa zilikimbilia Tanzania katika vita vya 1996 na 1998, na kuna vijana waliozaliwa kambini Nyarugusu. Hata ndugu zetu Warundi walioko Lusenda tangu 2015 wanajua kukimbia ni nini. Mtoto asiyesimuliwa hayo, mchezo ndio utakaomsimulia.

Tena tusisahau neno « kadogo ». Mwaka 1996 na 1997 watoto wengi wa mashariki walibebeshwa bunduki. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza jeshini au katika kundi la silaha mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Mchezo peke yake haumpeleki mtoto msituni. Njaa, kukosa masomo na hofu ndivyo vinavyompeleka. Lakini jeshi la Marekani lenyewe lilitoa mchezo wa bure mwaka 2002, America's Army, ili kuvuta vijana. Kama wao waliona mchezo unavuta, na sisi tuone.

Basi, tufanye nini?

Tuangalie umri. Tangu 2003, michezo inayouzwa Ulaya inawekwa alama ya PEGI: 3, 7, 12, 16 au 18. Ikiandikwa 16, mtoto wa miaka tisa bado.

Tukae karibu naye, hata dakika kumi. Tumuulize: « Katika kijiji hicho wanaishi nani? Wanakimbilia wapi? » Swali hilo linafundisha kuliko fimbo.

Mtoto aliyeona vita, akitetemeka au akiota vibaya baada ya kucheza, tumtoe pale bila kumcheka.

Vikundi vyetu viende pamoja kwa wenye vyumba vya michezo. Tuwaombe kwa heshima wasipokee watoto saa za masomo, na wasiwape wadogo michezo ya kuua. Mama mmoja atajibiwa vibaya, wamama ishirini watasikilizwa.

Mwisho, tumwonyeshe kazi nyingine ya mashine hiyo. Helikopta inapeleka dawa pasipo barabara na kubeba wagonjwa. Hata kwenye kompyuta upo urubani usio na silaha: Microsoft Flight Simulator, ulioanza 1982, una helikopta pia. Kijana anayependa kuruka tusimvunje moyo. Tumwambie asome hesabu na fizikia, ili siku moja arushe ile ambayo watu wa chini wakiisikia, watatoka nje kuipokea, si kukimbia.

Wiki hii, mkiketi kwenye kikundi, zungumzeni jambo hili, na vijana wenyewe wawepo.