Niliuza Bwawa, Sikuuza Maelezo: Somo Lililokula Faida Yangu Yote

Leo sina mbinu ya kuongeza followers. Nina stori iliyonitoa jasho, na naileta hapa kwa sababu najua wengi tunauza vitu ambavyo hata sisi wenyewe hatujawahi kuvifunga.

Mimi nauza vitu vya nyumbani mtandaoni, nipo Morogoro mjini. Mwaka juzi nikaona watu wengi wanahamia kwenye nyumba zao mpya huko Kihonda na Mkundi, kiwanja kina nafasi, watoto wapo likizo, joto la Desemba ndo hilo. Nikasema hapa pana hela: mabwawa ya kuogelea ya fremu, yale unayofunga mabomba juu ya ardhi bila kuchimba shimo. Nikaagiza moja Kariakoo kwa 480,000, nauli ya basi mpaka Msamvu 15,000. Nikaposti status. Jioni hiyo hiyo mama mmoja akanicheki, amehamia nyumba yake mpya, hana hata miezi miwili. Nikamuuzia 620,000. Nikapakia kwenye bajaji, nikapokea hela, nikapiga picha ya "mzigo umefika kwa boss wetu". Faida 125,000 kwa siku moja. Nilijiona nimeyapatia maisha.

Siku ya nne simu ikalia saa mbili asubuhi. "Mwanangu, uliniuzia bwawa au uliniuzia balaa?"

Nilipofika nikakuta bwawa limelala. Miguu miwili imezama kwenye udongo, fremu imepinda, maji yametoka kwa mkupuo mmoja yakabeba banda la kuku la jirani. Mjukuu wake wa miaka mitano alikuwa ametoka majini kwenda kunywa chai, hata chai yenyewe hajamaliza. Nikiangalia lile bomba lilivyopinda upande aliokuwa anachezea, miguu iliniisha nguvu.

Kosa lilikuwa wapi? Bwawa lilikuwa zima. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia chochote, kwa sababu na mimi sikujua.

Hesabu ambayo nilitakiwa kuijua

Lita moja ya maji ni kilo moja. Bwawa la duara lenye upana wa mita 3.05, ukijaza maji kina cha sentimita 60, linabeba kama lita 4,400. Hizo ni tani 4.4, zaidi ya uzito wa magari matatu madogo, zimekaa kwenye uwanja wako. Sasa sisi Morogoro unajua tulivyo, mji umekaa chini ya Uluguru, viwanja vingi vina mteremko hata kama kwa macho unaona pako sawa. Maji hayadanganywi, yanaelemea upande wa chini mpaka kitu kiachie.

Fundi niliyemchukua alinifundisha hivi, na sasa namwambia kila mteja:

1. Pima kwa ubao ulionyooka na pima maji. Tofauti ya upande mmoja na mwingine isizidi sentimita 2 hivi.
2. Chimba upande wa juu ushuke. Usijaze kifusi upande wa chini, kifusi kinadidimia. Yule mama alikuwa amejaza kifusi.
3. Toa mawe na mizizi yote, shindilia, tandika turubai nzito.
4. Kila mguu ukae juu ya tofali la pevingi lililozamishwa usawa na ardhi.
5. Weka maji ya sentimita 2 kwanza, nyoosha mikunjo, angalia kama yamesambaa sawa. Yakikusanyika upande mmoja, simamisha hapo hapo. Ni rahisi kumwaga ndoo chache kuliko tani 4.

Maji nayo yana matunzo yake

Boza la maji si bure, na maji ya bomba yana mgao wake, kwa hiyo hakuna mtu anayetaka kumwaga kila wiki. Wakati wa masika, mito ya mlimani inashuka na tope, maji yanaweza kuja na rangi. Yaache yatulie, kisha filta ifanye kazi saa 6 mpaka 8 kwa siku. Chujio lioshwe kila wiki.

Klorini ya unga ya asilimia 65: kwa lita 4,400, gramu 14 hivi zinapandisha klorini kwa miligramu 2 kwa kila lita. Unatakiwa ukae kati ya 1 na 3, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Nunua karatasi za kupimia, usikisie. Weka jioni, maana jua linaila klorini. Unga ndo unawekwa kwenye ndoo yenye maji, usimwagie maji juu ya unga. Na usichanganye na dawa nyingine yoyote, hasa asidi, inatoa hewa ya sumu.

Maji yakiachwa bila dawa, mbu anamaliza kutoka yai mpaka kuruka ndani ya wiki moja au mbili. Unakuwa umemfugia jirani malaria.

Pampu ichomolewe kwenye umeme kabla mtu hajaingia majini. Ngazi itolewe kila mkitoka. Na mtu mzima awepo pale, simu mfukoni. Mtoto anazama kimya, hapigi kelele kama kwenye filamu.

Nililipaje?

Miguu miwili 40,000, fundi 30,000, boza la maji 70,000, wavu na mbao za banda la jirani 20,000. Jumla 160,000. Faida yote imeondoka, na 35,000 juu yake. Rafiki yangu aliniambia nimblock, kwani risiti iliandikwa "mzigo ukitoka haurudi". Nilifikiria kweli, sitadanganya. Ila mji huu mdogo, na ule ubaridi wa kumuona yule mtoto haukunitoka.

Mama hakunisifia popote. Alisema tu, "Haya, mwanangu, umekuja." Lakini kila mwezi ananunua klorini kwangu mpaka leo.

Siku hizi kabla sijapokea hela nauliza: kiwanja kina mteremko? Nani atakuwa anawaangalia watoto? Maji unapata wapi? Uzio upo? Mmoja alinijibu watoto watajiangalia wenyewe, nikamwambia boss, hili sikuuzii. Alinitukana. Sawa tu. Bei yangu sasa ina fundi wa kusawazisha ndani yake, na karatasi ya maelezo ya Kiswahili niliyoandika mwenyewe.

Hata kama wewe unauza jiko la gesi, pasi au kitanda cha mtoto, kifunge kwanza wewe. Kitumie wiki nzima. Ukishindwa kumweleza mteja kinavyoharibika, bado hujawa tayari kukiuza.

Nawe, bidhaa gani unauza ambayo hujawahi kuitumia? Tuandikie kwenye komenti, hatucheki mtu.