Barabara za Kale na Magari ya Wazee Wetu

Katika aila nyingi za Tanganyika na Kenya zilizojaliwa kumiliki gari baina ya miaka ya 1950 na 1980, tarihi ya nyumba haikuandikwa daftarini bali ilitandazwa juu ya barabara. Mwulize mzee wa zama hizo mwanawe wa pili alizaliwa lini, na aghalabu hatautaja mwaka kwanza. Atakwambia kwamba ilikuwa masika yale mto ulipofurika, wao wakakesha ndani ya gari ng'ambo ya daraja pamoja na madereva wa malori na abiria wa mabasi, na mama yake mtoto alikuwa na mimba ya miezi saba. Ndoa, uhamisho wa kazi, msiba wa babu, kila jambo lina kilima chake, daraja lake na mti wake wa kivuli. Nami naamini kwamba hazina hii yataka kuhifadhiwa kwa hima, maana wenye kuikumbuka wanatutoka, magari yaliyowachukua yanakatwa vipande na wanunuzi wa vyuma chakavu, na barabara zenyewe ama zimenyooshwa ama zimeachwa zikaota majani.

Barabara niijuayo kuliko zote ni ile ambayo serikali ya Kiingereza iliipa jina la Barabara Kuu ya Kaskazini. Huingia nchini kwa Tunduma, mpakani mwa Zambia, ikapanda Mbeya, ikashika Iringa, ikateremkia bonde la Ruaha Mkuu hata Dodoma, kisha ikapita Kondoa na Babati mpaka Arusha, na kutoka hapo ikaelekea Namanga na Nairobi. Ilikuwa sehemu ya ndoto ya wakoloni ya kuunganisha Cape Town na Kairo kwa njia moja. Msafara wa kwanza wa magari uliofanikiwa kukata masafa hayo, wa Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella, uliondoka Cape Town Septemba 1924 na haukufika Kairo ila Januari 1926, takriban miezi 16, kwa sababu penye mito mingi hapakuwa na madaraja na penye vinamasi hapakuwa na njia. Wazee wetu walioirithi barabara hiyo baada ya vita vya pili vya dunia waliikuta ina madaraja, lakini sehemu yake kubwa ilikuwa ya changarawe na udongo, yenye vumbi jekundu wakati wa kiangazi na utelezi wa hatari wakati wa masika.

Baba yangu alikuwa mwalimu, na walimu wa zama hizo, kama walivyokuwa makarani wa boma na waganga wa zahanati, walihamishwa pasipo kuulizwa. Barua ya uhamisho ilipofika, nyumba nzima ilipakiwa: vitanda vya chuma na cherehani juu ya keria, sufuria ndani ya debe, kuku ndani ya tenga, na watoto mahali palipobaki. Gari letu lilikuwa Peugeot 404 la kubebea aila, lenye safu tatu za viti, alilolinunua likiwa limekwisha tumika. Magari ya 404 yalianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limesanifiwa na Pininfarina wa Italia, na kwa nje yalikuwa ya heshima tu, yenye mapezi madogo kwa nyuma. Fadhila zake zilikuwa chini. Springi zake ndefu na laini zilimeza shimo ambalo gari jingine lingelipiga kwa tumbo. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 ililazwa ubavu kwa nyuzi 45, kwa hiyo boneti ikawa fupi kwa kimo na dereva akaiona njia vizuri. Gia ilikuwa kwenye shina la usukani, hivyo kitinda mimba aliweza kubanwa katikati ya baba na mama. Na betri ilipokufa, palikuwa na tundu mbele la kupitishia hendeli, mtu akaizungusha injini kwa mikono yake.

Katika safari zile mna vitu viwili vinavyostahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa kijana wa leo hajaviona. Cha kwanza ni mfuko wa maji. Kwenye bampa ya mbele ulining'inizwa mfuko wa turubai uliojazwa jioni ya kuamkia safari. Nyuzi zake zilinywa maji zikavimba na kubanana, na yale machache yaliyopenya yakapulizwa na upepo wa mwendo yakawa mvuke. Na kwa kuwa maji hayageuki mvuke pasipo kuchukua joto, yaliyobaki ndani yalipoa, hata saa saba ya mchana katika nyika ya Ugogo, ilhali boneti haigusiki kwa moto, mfuko ule ulitoa maji baridi yenye harufu ya turubai. Baba aliyagawa kwa kikombe cha bati, mama kwanza, kisha watoto kuanzia mdogo, na salio likapewa rejeta.

Cha pili ni ile mikunjo ya barabara ya changarawe, iliyokingama njia mfano wa bati la paa. Huzaliwa na magurudumu yenyewe: tairi hugonga kijiwe likaruka, likatua kwa kishindo na kusukuma changarawe, na gari lifuatalo likarukia palepale, hata baada ya majuma machache maili nzima imekunjamana. Dereva mwoga aendaye kilomita 30 kwa saa hutikiswa mpaka nati zikalegea; ajuaye hujikaza akafikia 70 au 80, na hapo tairi hugusa migongo tu, gari likatulia kwa ghafula. Lakini utulivu huo ni wa hadaa, kwa sababu gurudumu lisiloikamata ardhi haliitikii breki wala usukani, na kona moja yatosha kuwapeleka watu makorongoni. Baba alipunguza mwendo mapema kabla ya kila kona, akisema, "Wanangu, hapa ardhi haitushiki. Shikaneni." Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni, na mpaka leo nikiona kibao cha kona mguu wangu hunyanyuka wenyewe.

Sifa ya Peugeot haikuwa porojo za wauzaji. Mwishoni mwa Mei 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa magari ya kawaida yaliyouzwa madukani, juu ya barabara zilezile walizopita watu wa kawaida. Baadaye yalifanywa wakati wa Pasaka, katika mvua, ili tope liwe hakimu. Na tope lilihukumu kwa ukali, hata mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa gari la namna hiyohiyo, na mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alikuwa amekwisha shinda kwa Volvo. Aliyemiliki 404 kijijini, hata kama lilibeba mahindi, alijiona ana ukoo na mabingwa hao. Na sidhani kwamba alikosea, maana kijito kilichowakwamisha wao ndicho kilichomkwamisha yeye, na yeye hakuwa na mafundi wa kumngojea ng'ambo.

Ndugu wa pili wa barabara yetu ni ile itokayo Dar es Salaam kupita Morogoro, Mikumi na mlima Kitonga hata Iringa, ambako huungana nayo. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ililazimika kupata mafuta yake kwa njia hiyo, na malori yenye mapipa yakaifanya tope tupu, wengi wakapoteza maisha juu yake. Aila yoyote iliyosafiri huko katika miaka hiyo ina kisa cha kuvutwa na lori usiku, na katika kila kisa nilichopata kusikia dereva wa lori alikataa fedha.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo lenyewe. Safari ya zamani ilikuwa ndefu kwa sababu ya vituo, na vituo ndivyo vilivyojenga ukumbusho. Gari lililazimika kupoa, pancha kuzibwa, mto kungojewa ukashuka, na katika kungoja huko wageni wakawa jamaa. Kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, hekalu la Masingasinga la Makindu limewalisha wasafiri wa kila dini bila malipo kwa vizazi kadhaa, na penye Mackinnon Road, kando ya reli, Waislamu na wasio Waislamu husimama kwenye kaburi la Sayyid Baghali wakaomba salama ya njiani. Kwetu, kituo kilikuwa Kondoa. Mvua ilipoifunga njia ya Bereku, baba aliulizia msikiti. Baada ya sala ya isha akatokea mtu asiyetujua akasema, "Mwalimu, watoto hawalali garini," na tukapelekwa kwake, tukapewa ugali wa uwele na maziwa ya mgando, na mama akalazwa pamoja na mke wa mwenyeji wakasimuliana mpaka majogoo. Kesho yake tukaonyeshwa njia ya Kolo, karibu na mapango yale yenye michoro ya kale ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006, nasi tukiwa watoto tuliyaona kama michezo ya wenzetu.

Magari hayo yaliishi miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa, na si kwa mapenzi peke yake. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika Tanzania, petroli ikapimwa kwa vibali, na magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Spea hazikuja. Mafundi wakachonga bushi za springi kwa mpira wa matairi makuukuu, wakakata gasketi kwa mkasi, wakafufua plagi kwa msasa, na kwa njia hiyo wakapata maarifa ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kiwanda. Fundi wetu alitega sikio lake kwenye boneti iliyofungwa akasema ni valvu ya silinda ipi iliyolegea. Maarifa ya namna hiyo, naona, ni elimu kamili, na anayekata 404 kwa gesi ili auze chuma kwa kilo amechoma na chuo pamoja nalo.

Wala sisemi kwamba tope lirudi. Mwaka 2018 barabara ya lami kutoka Dodoma mpaka Babati ilifunguliwa rasmi, na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa aliyeko Kondoa leo hufika hospitali kubwa kwa saa chache; asiyelifurahia hilo hana insafu. Lakini lami imewaruhusu watu kupita mahali pasipo kupajua, na wazee waliokaa kiti cha nyuma husinzia kutoka Dodoma hata Arusha bila neno.

Kwa hiyo, baada ya lami kukamilika, tulimchukua mama katika gari lile lile la baba, ambalo ndugu yangu amelitunza chini ya paa la makuti tangu marehemu alipofariki, tukamweka kiti cha mbele, na tukakubaliana kwamba atakaposema simama tutasimama, bila kumwuliza sababu. Nawanasihi wasomaji wafanye hivyo kabla hawajachelewa, hata kama gari la zamani halipo tena na itawabidi kutumia jingine: mzee akae mbele, mwendo uwe wa polepole, simu iwekwe juu ya dashibodi ikinasa sauti, na majina ya vijito na vilima yaandikwe siku ileile, kwa kuwa mengi hayamo katika ramani. Panapoonekana kipande cha barabara ya kale kikijitenga na lami, na kiingiwe, maana huko ndiko mzee atakakofumbuka macho.

Mama alinyamaza mpaka tulipoipita Kondoa. Kisha akasema simama, akashuka, akatazama mwembe mmoja uliokuwa umbali wa kutupa jiwe kutoka barabarani, na akaanza kutaja majina ya watu wa nyumba ile moja baada ya jingine, pamoja na la mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya usiku ule. Sisi watoto wake hatukupata kuyajua hayo; kwetu palikuwa ni mahali pa maziwa ya mgando tu. Tukaulizia. Wenyeji wetu wazee walikwisha kufa, lakini yule mtoto mchanga alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na yeye naye alikuwa amesimuliwa na mamaye juu ya mke wa mwalimu aliyemfundisha, usiku mmoja wa mvua, kushona mkono wa gauni kwa cherehani iliyoteremshwa juu ya gari. Wakakaa chini ya mwembe na mama mpaka alasiri, kila mmoja akimjazia mwenziwe alichokosa. Mwaka uliofuata walikuja Arusha watu tisa katika harusi ya mpwa wangu, wakaketi safu ya jamaa wa bwana harusi, na hakuna aliyeuliza ukoo wao watokea wapi.