Baiskeli ya Marehemu

Mama mmoja wa Kawangware alituuliza: baiskeli ya milimani aliyoiacha mumewe, Allah amrehemu, ambayo mwanawe huendea kazini katikati ya Nairobi, aitie vyuma vipya au anunue nyingine? Tulimshauri aanzie kwenye fremu. Ikiwa nzima, mnyororo na gia hubadilishwa pamoja, kwani mnyororo mpya huruka juu ya meno yaliyolika. Na breki zitangulie springi za mbele, ambazo ni ghali. Ikiwa na ufa, hakuna chuma kitakachomlinda kijana katika Barabara ya Ngong.

Fundi aliukuta ufa chini ya kiti. Basi na inunuliwe nyingine. Ama ile kuukuu, ikiuzwa, ni mirathi: madeni yakishalipwa, fungu la mama ni thumuni, iliyobaki ni ya warithi wengine, hata yule binti mdogo asiyepanda baiskeli.