Kwanza Mvua, Halafu Ng'ombe

Mtu wa Njoro, huku Nakuru, akimpigia simu ndugu yake aliye mbali, hatangulizi lililomfanya apige. Anaanza na mvua. Imenyesha au haijanyesha, imeshuka Mau Narok ikairuka Rongai, imekuja na mawe ikalaza mahindi. Akitoka kwa mvua anaingia kwa ng'ombe, kisha anawapitia majirani mmoja mmoja, na huenda dakika kumi zikaisha kabla hajafika kwa watu wa nyumba yake. Kijana aliyekulia Nairobi hukosa subira hapo. "Sawa anti, lakini nyinyi mko salama?" Shangazi hushangaa, maana yeye anajua amekwisha kujibu.

Na kweli amejibu. Huku kwetu mvua ya Machi ndiyo karo ya Januari. Mahindi ya nyanda za juu, yale ambayo wakulima huyaita kwa namba yake, 614, hukaa shambani miezi sita hata minane. Yakipandwa mvua ya masika ikianza, yanavunwa kati ya Oktoba na Desemba, na magunia ya kuuza yanatoka shule zikikaribia kufunguliwa. Basi anayekwambia mvua imechelewa hadi mwisho wa Aprili amekwambia pia kwamba mwaka ujao kuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa karo, na kwamba usije ukasema hukuambiwa. Anayekwambia ng'ombe amezaa ndama jike amekwambia watoto wanakunywa chai yenye maziwa, na yanayobaki yanapelekwa alfajiri kupimwa kwa ushirika. Anayesema "yule mweupe tulimuuza" amesema mengi zaidi. Mwenye masikio hunyamaza kidogo, kisha huuliza: nani mgonjwa? Ng'ombe wa maziwa hauzwi hivi hivi. Kuna hospitali, au kuna karo, au kuna kesi ya shamba.

Wengine huita desturi hii kuzunguka mbuyu, ingawa mbuyu wenyewe hauoti Njoro. Mimi naona mzungumzaji hazunguki kitu. Anatoa hesabu ya nyumba yake kwa mpangilio ambao kila mtu wa hapa anaujua, na aliyeko mbali anapewa nafasi ya kuyaona mambo mwenyewe kabla ya kuambiwa. Kuna heshima ndani yake pia. Anayelilia pesa tangu neno la kwanza amejivunjia hadhi. Anayesema tu kwamba viazi vimeoza ghalani ameomba bila kuomba, na wewe unaweza kusaidia bila kuonekana umesaidia.

Sababu ya desturi hii kushika mizizi hapa ni kwamba karibu kila nyumba ya Nakuru ina kwao kwingine. Waogiek walikuwa kwenye msitu wa Mau, na Wamaasai walilisha mifugo bondeni mpaka mikataba ya 1904 na 1911 ilipowahamisha kuwapisha walowezi. Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900 na nyuma yake wakaja makuli, makarani, wapishi na wafanyakazi wa mashamba. Baada ya uhuru wa 1963 yakaja makazi ya serikali na kampuni za kununua mashamba kama Ngwataniro, na watu wa Murang'a na Nyeri wakajikuta wamepakana na Wakipsigis, Watugen, Wakisii na Waluhya. Mwanamume aliyefanya kazi kwenye reli mjini Nakuru alipokea habari kutoka Vihiga, na wakati huohuo kuna mwanawe Mombasa aliyengoja habari kutoka kwake. Mji wa Nakuru ulipopandishwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, bado wakazi wake wengi, ukiwauliza nyumbani ni wapi, walitaja mahali pengine.

Habari ya kuzaliwa ina utaratibu wake, na kila jamii ilikuja na wake. Kwa Wakikuyu wa Bahati na Subukia zamani vigelegele vilihesabiwa: vitano kwa mvulana, vitatu kwa msichana, na mtu aliyekuwa akipalilia upande wa pili wa bonde alijua kilichozaliwa kabla mjumbe hajafika. Leo simu ndiyo inayobeba vigelegele, lakini jina bado linafuata mpango uleule. Mwana wa kwanza ni wa babu mzaa baba, wa pili ni wa babu mzaa mama, na binti vivyo hivyo kwa nyanya zake. Ndiyo maana mtu humpigia rafiki yake aliye ng'ambo akamwambia kwa furaha kwamba babake amezaliwa. Mgeni akiisikia kauli hiyo ataomba irudiwe.

Kwa Wakalenjin jina lenyewe ni taarifa. Ukiambiwa kwa dada yako kumepatikana Cherop, unajua mtoto ni msichana na mvua ilikuwa ikinyesha. Kiprotich alikuja ng'ombe wakirudi zizini jioni; Kipngetich, wakitoka kwenda malishoni. Aliyeko Eldoret au London hapewi saa ya kuzaliwa, naye haiulizi.

Kabla ya simu kulikuwa na barua, na kijijini barua haikuwa ya mtu mmoja. Posta haikupeleka barua mlangoni. Ilizitia kwenye sanduku, na wanakijiji wengi hawakuwa na sanduku. Walitumia la shule, la kanisa au la duka. Bahasha iliandikwa jina la mzee, chini yake "kupitia kwa Mwalimu Mkuu", kisha S.L.P. ya shule, Molo au Elburgon. Majina yalisomwa paredi asubuhi na mtoto wa nyumba hiyo akaitwa mbele. Kufikia saa nne shule nzima ilijua nyumba ya fulani imeandikiwa, na kama stempu ilikuwa ya nje, hata saa nne haikufika.

Mtoto huyohuyo wa darasa la sita ndiye aliyekuwa karani wa nyanya yake. Jioni, taa ya koroboi mezani, nyanya angekaa kwenye kigoda, mikono magotini, akitazama ukuta, akisema kana kwamba mwanawe amesimama pale. Mtoto aliandika alichoweza kukishika. Mwanzo haukuwa na shida, kwa kuwa shule ilikuwa imemfundisha: salamu nyingi kama mchanga wa bahari, ambayo karani wala nyanya hawakuwa wamewahi kuiona, sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwako. Kazi ilianza nyanya alipoingia katika mambo yenyewe. Alitaka iandikwe kwamba mti wa mpakani umekatwa na jirani, ila isiandikwe jina la jirani. Alitaka iandikwe kwamba pareto imelipa vizuri mwezi huu, kisha akafikiri, akaagiza ifutwe, mwana asije akadhani hahitajiki. Kalamu ya wino haifutiki, basi mstari ukachorwa juu yake, na aliyepokea barua Thika alikaa akiushikilia mstari ule dirishani kwenye mwanga ajue kilichofichwa. Mwishoni, palipobaki nafasi, karani alijiandikia kwa herufi ndogo kwamba viatu vyake vimetoboka.

Ukurasa ulikuwa mpana, kwa hiyo mvua na ng'ombe vilipata nafasi yao. Telegramu ilitozwa kwa neno. Hapakuwa na anayelipia maneno ya mvua, na nadhani hiyo ndiyo sababu watu waliiogopa hata kabla ya kuifungua: ilikuwa habari iliyovuliwa kila kitu, imebaki "njoo haraka". Wapo wazee ambao mpaka leo simu ya mtu anayeanza moja kwa moja huwatia baridi ileile.

Kulikuwa pia na redio. Idhaa ya Taifa ilisoma salamu na ilisoma vifo, na nyumba yenye betri nzima ilikuwa na wageni jioni. Tangazo la kifo lilitaja watoto wa marehemu na mahali walipo, huyu wa Kericho, yule wa Mombasa, na wengine walijua wamefiwa wakiwa kazini, kwa kusikia jina lao likisomwa. Tangu mwaka wa 2000, ilipoanza Kameme FM na baadaye stesheni nyingine za lugha za nyumbani kama Inooro na Kass, matangazo hayo yamehamia kwa lugha ya mama, na hapo hata mpangilio wa majina ya ukoo unafuatwa ipasavyo.

Kitu ambacho simu haijaweza kukiondoa ni mzigo. Habari ya shamba bila kitu cha shamba hukosa uzito. Kwenye steji ya magari ya Nairobi, mjini Nakuru, utaona gunia la viazi vya Shangi limeshonwa kwa kamba, jina na namba ya simu vimeandikwa kwa kalamu nene ubavuni. Kando yake kuna minji iliyofungwa kwenye mfuko wa unga, na mama amepakata kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa, hataki kiwekwe buti kwa sababu kitalala. Dereva anaagizwa kama balozi: mpigie ukifika, usimpe mwingine, mwambie viazi vya juu ale kwanza. Shangi huchipua upesi, na mpokeaji anajua ana wiki chache tu za kuvigawa. Hapo ndipo rafiki zake wa mjini wanapoingia. Jirani wa ghorofani asiyejua Kuresoi iko upande gani anapewa sufuria ya viazi, na akila anaambiwa habari za watu ambao hatawaona maishani.

Aliyeko mbali naye ana namna yake ya kuficha. Kijana wa Rongai aliyeko Minnesota, akiwa amepunguziwa saa za kazi na kodi ya nyumba imefika, atamwambia nyanya yake kwamba theluji imeanguka sana mwaka huu. Binti aliyekwenda Doha kufanya kazi za nyumbani atasema joto limezidi. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka wa 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani kiasi cha dola bilioni 4.9. Pesa hizo zina sauti kubwa kuliko aliyezituma. Zikifika kwa wakati, nyumbani wanaamini yote ni mema, na kijana hupata shida kusema vinginevyo. Lakini nyanya hadanganyiki kirahisi. Husikiliza theluji hiyo mpaka mwisho, kisha huuliza: "Na ng'ombe wa huko wanakula nini?" Wajukuu hucheka. Mimi nadhani anauliza kama mjukuu amekula.

Habari mbaya ina sheria kali zaidi. Haipelekwi kwa mtu aliye peke yake. Kwanza anatafutwa rafiki wa karibu, mwenzake wa chumba au mtu wa kanisa lake, anaambiwa yeye, anaenda kuketi na mwenzake, ndipo simu inapigwa. Hata mpigaji huuliza kwanza, "Uko na nani hapo?" Na nyumbani kuna zamu: ndugu mkubwa wa marehemu kabla ya wadogo, wazee kabla ya vijana, na baba hasemi mbele ya watoto mpaka wakubwa wakutane.

WhatsApp imeivuruga zamu hii kuliko kitu kingine chochote. Grupu la ukoo lina watu sitini, na mpwa mmoja mwenye bando na haraka huandika "pumzika kwa amani mjomba". Dakika mbili baadaye binti wa marehemu, aliye kwenye basi la Manchester, anaisoma akiwa amesimama katikati ya watu asiowajua. Familia kadhaa sasa zimeweka masharti: hakuna kuandika kifo kwenye grupu mpaka mzee aliyeteuliwa aseme wote wamefikiwa, wala picha ya mgonjwa kitandani. Mpwa hulalamika kwamba ni udikteta. Mimi niko upande wa wazee. Kwa mambo mengine grupu limekuwa baraka, hasa ujumbe wa sauti. Mama wa Subukia asiyependa kuandika anabonyeza, anasema, na nyuma yake jogoo anawika na mvua inapiga mabati mpaka neno moja linapotea kati ya mawili. Mwanawe akirudia kuusikiliza, mara nyingi ni kwa ajili ya yale mabati.

Na kuna habari zinazosafiri kati ya watu wasio na undugu. Ghasia za mwaka wa 1992 upande wa Molo, kisha zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini, zilitenganisha majirani waliokuwa wameazimana dume la ng'ombe na moto wa jikoni. Wengi walipitia uwanja wa maonyesho wa Nakuru wakiishi kwenye mahema. Baadhi walirudi. Wengine walinunua kijishamba Nyandarua, au wakabaki mjini, na shamba la zamani likauzwa au likakodishwa.

Namfahamu mzee mmoja aliyehama namna hiyo kutoka Kuresoi hadi upande wa Ol Kalou. Jirani yake wa zamani, Mkipsigis wa rika lake, humpigia kila msimu wa kupanda. Bado wanaitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza, Baba fulani na Baba fulani. Wanaanza na mvua, na kwa kuwa milima yao haipati mvua siku moja, hapo pana mengi ya kulinganisha. Wanafuata ng'ombe, halafu bei ya viazi na madalali wa lumbesa, yale magunia yaliyozidi kipimo, ambao wote wawili wanawatukana kwa moyo mmoja. Mwaka wa 2008 hautajwi. Nilimuuliza mzee kama waliwahi kuuzungumzia, akanijibu kwamba jirani yake alimwambia mapema kabisa, kwenye simu ya kwanza, kwamba ule mparachichi aliouacha nyuma ya nyumba haujakatwa na unazaa, na kwamba watoto wanaambiwa ni wa nani. Msimu uliopita mazungumzo yalikuwa juu ya mbegu ya viazi. Ya Ol Kalou ilikuwa imeshikwa na mnyauko, hivyo madebe matatu yakatoka Kuresoi kwa matatu mpaka Nakuru, yakabadilishiwa gari, na mzee akaenda kuyapokea stejini na punda.