Theluji Iliyogoma Kuyeyuka Sasa Yasalimu Amri

Huko Uskoti, baridi ikishapita na majani yakachipua, vilimani hubaki viraka vyeupe kama nguo zilizosahauliwa kambani. Hayo ni masazo ya theluji. Mengi huyeyuka wakati wa kiangazi, ila kiraka kimoja kilisifika kwa ukaidi hata kikapewa jina: Sphinx, kwa kufuata jabali lililo juu yake.

Makao yake ni mlima Braeriach, wenye kimo cha mita 1,296, katika bonde liitwalo Garbh Choire Mòr. Msomaji atauliza, theluji hiyo huponaje na jua? Siri ni upepo na kivuli. Upepo huikumba theluji iliyo uwandani juu ya mlima, ukaimwaga bondeni ikashindiliwa kama sufi ndani ya mto, na magenge marefu yakaikinga na jua.

Neno lenyewe, theluji, asili yake ni Kiarabu. Sisi watoto wa chuoni tulilijua kwa dua kabla ya kuiona theluji yenyewe: tulimwomba Mungu atuoshe madhambi kwa maji, theluji na mvua ya mawe. Basi habari za theluji hii mimi huzifuata kwa hamu.

Mwaka 1933 ilipoyeyuka yote, wapanda milima walistaajabu, wakaona si jambo la kutokea tena. Likatokea 1959, kisha 1996. Mara tatu, basi, katika karne nzima. Na karne hii je? 2003, 2006, 2017, 2018, 2021, 2022: kufikia mwaka huo pekee, tayari mara sita!

Hesabu hiyo tunayo kwa sababu wako walioiweka. Mwanasayansi Adam Watson, aliyefariki 2019, aliziandama theluji hizi miaka na miaka. Iain Cameron naye akaendelea, na 2021 akatoa kitabu, The Vanishing Ice. Wapo watakaocheka kwamba mtu mzima apande mlima kwenda kupima kiraka cha theluji. Mimi siwezi kucheka. Lau si madaftari yao, nani angalijua kwamba lililokuwa ajabu limegeuka desturi, kwa joto linalozidi duniani?

Nasi tunayo barafu ya Mlima Kenya, nayo yapungua. Wahenga walinena, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kutazama pekee hakutoshi, na tuandike.