Wakili Anapoacha Joho: Kesi ya Kilwa na Mrabaha wa Likasi

Wakili wa haki za binadamu akipunguza kesi na kuanza kuandika ripoti na mapendekezo ya sheria, watu wa Likasi, nchini Kongo (DRC), huuliza: je, ametukimbia? Swali hilo ni la haki. Kesi ya Kilwa inasaidia kulijibu.

Oktoba 2004, jeshi la serikali ya Kongo liliingia Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, kuzima uasi mdogo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu wasiopungua 73 waliuawa. Magari ya Anvil Mining, kampuni iliyokuwa na mgodi Dikulushi, yalitumika katika operesheni hiyo. Mawakili wa Lubumbashi walisimama na familia zilizofiwa, lakini tarehe 28 Juni 2007 mahakama ya kijeshi iliwafutia washtakiwa mashtaka ya mauaji hayo. ACIDH, shirika la Lubumbashi, pamoja na wenzake walikwenda kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tume iliitia serikali hatiani na kuagiza waathirika 8 na familia zao walipwe dola milioni 2.5.

Ushindi huo ulikuja baada ya zaidi ya miaka kumi, tena makaburi yamekwisha kuchimbwa. Ndipo wakili makini hujiuliza ni kanuni gani ingewalinda watu mapema. Kutoka hapo kazi ya sera huanza, na anayeifanya vizuri ni yule aliyewahi kushindwa mahakamani na kujua sheria ilipwaya wapi.

Tazama Kanuni ya Madini ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2018. Katika kila dola 100 za mrabaha wa madini, 50 huenda serikali kuu, 25 mkoani, 15 kwa mamlaka ya mahali penye mgodi, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni pia hutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Mkazi wa Kikula au Panda, mjini Likasi, anayo sasa haki ya kuuliza: zile 15 zimefika? Zimejenga nini? Lakini bila mtu wa kusoma kifungu, kufuatilia stakabadhi na kukaa na ofisi ya meya, haki hiyo hubaki karatasini.

Kazi hii ina hatari zake. Julai 2009, Golden Misabiko, kiongozi wa shirika la haki za binadamu la ASADHO Katanga, alikamatwa baada ya ripoti kuhusu uchimbaji haramu Shinkolobwe, mgodi wa urani ulio karibu na Likasi. Ina vishawishi pia, kwa kuwa mshauri anaweza kulipwa na kampuni ileile anayoichunguza.

Kwa hiyo tumdai wakili huyo mambo mawili: atangaze nani anamlipa, na ripoti yake airudishe kwa Kiswahili kwa wale aliowahoji. Akiyatimiza, hajatukimbia, ameanza kututetea kabla hatujaumizwa.