Wingu la Julai Halina Mvua ya Kukamuliwa

Kila Julai swali huwa ni lile lile. Mbingu zimefunga kutoka Mutomo hadi Wote, jua halijaonekana siku ya tatu, watoto wanaenda shule na masweta, na bei ya mtungi wa maji inapanda. Basi mtu anasimama barazani: mawingu yote haya, kwa nini kaunti zetu zisikodi ndege imwage dawa, mvua ishuke, kama wanavyofanya Dubai? Huuliza kwa hasira, kana kwamba ndege hiyo nimeificha mimi.

Jibu ni hapana, na bajeti haihusiki.

Tuliangalie wingu lenyewe. Kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusini-mashariki hutuletea hewa baridi na yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ikipanda kidogo kuelekea Ukambani, unyevu huo huwa stratasi: wingu la chini, pana, la kijivu, lisilo na umbo. Juu yake kuna tabaka la hewa kavu yenye joto zaidi, limelikalia kama kifuniko cha sufuria. Wingu likikosa njia ya kupanda, linatanda. Aliye chini huona giza akadhani ni unene, kumbe mara nyingi ni mita mia chache tu, na juu yake jua linawaka. Mvua ya Novemba ni habari nyingine kabisa. Hiyo hutoka kwenye kumulonimbasi, wingu la radi linaloinuka mchana ardhi ikishapata moto, likapanda kilomita 10 na zaidi.

Sasa tupige hesabu ambayo wapenzi wa ndege hawaipigi. Mita moja ya ujazo ya stratasi hubeba takriban gramu 0.3 za maji. Chukua wingu lenye unene wa mita 500, likamue lote, na tujifanye hakuna tone litakalokauka njiani. Kila mita ya mraba ya shamba itapata gramu 150, yaani milimita 0.15. Kwa eka nzima hizo ni lita 600 hivi: mapipa matatu. Mvua ya kuotesha mbegu, kwa kipimo tunachotumia sana, ni milimita 20 ndani ya siku tatu. Eka hiyo hiyo inataka mapipa 400.

Kweli, upepo huleta wingu jingine. Ndiyo maana milima ya Mbooni, Kilungu na Chyulu, inayousukuma upepo juu, hupata manyunyu ya kulowesha majani. Lakini hayo huja bila ndege.

Na hiyo dawa yenyewe? Iodidi ya fedha, ambayo Bernard Vonnegut wa Marekani aligundua uwezo wake mwaka 1946, hugandisha matone yaliyo chini ya nyuzi sifuri ambayo bado ni maji. Kwetu, baridi ya namna hiyo iko karibu kilomita 5 juu ya usawa wa bahari. Stratasi ya Julai huishia karibu nusu ya kimo hicho. Hakuna cha kugandisha. Chumvi nayo, wanayoitumia sana Falme za Kiarabu, hutaka wingu nene linalopanda kwa nguvu ili matone yagongane yakue. Isitoshe, hewa yetu imetoka baharini na chumvi yake tayari. Unataka kuongeza nini?

Marubani wa Falme za Kiarabu husubiri wingu linaloinuka, hasa kwenye milima ya Hajar. Hawaumbi wingu. Mafuriko ya Dubai ya Aprili 2024, ambayo naletewa kwenye simu kama ushahidi, yalitokana na dhoruba kubwa iliyokwisha kutabiriwa. Hata hapa Kenya, mashamba ya chai ya Kericho na Nandi yalijaribu dawa za mawinguni miaka ya 1960 na 1970, ila wao walikuwa wakipigana na mvua ya mawe, kwenye mawingu ya radi.

Kwa hiyo Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza mawingu, baridi na manyunyu hapa na pale, haijadanganya mtu. Wala utabiri wa msimu si ratiba ya siku. Msimu wa Oktoba hadi Desemba 2021 ulikuwa mkavu, lakini tarehe 4 Desemba mto Enziu, karibu na Mwingi, ulifurika, ukasomba basi na kuua watu zaidi ya 30.

Cha kufanya? Usipande kwa manyunyu. Anika mahindi kwenye turubai, si kwenye udongo, na uyaingize ndani jioni, kwa sababu wingu hili huchelewesha kukauka, na mahindi yenye unyevu ghalani hualika sumukuvu (aflatoksini), iliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise. Chumvi ikinata ubavuni, bado. Kagua maua ya miembe, maana ukungu hupenda baridi hii. Rekebisha matuta sasa. Mwanzoni mwa Septemba utabiri wa Oktoba hadi Desemba ukitoka, uliza wa kaunti yako, si wa taifa, kisha ununue mbegu za ndengu, kunde au mtama mapema. Na mifereji ya paa: mabati ya mita 8 kwa 5 hukusanya lita 4,000 mvua ikifika milimita 100, mfereji usipovuja. Uzibe Septemba, fundi angali ana nafasi.